Meno ya Bibi na Sauti ya Mlangoni

Kila siku akitoka shule, Chiriku aliingia nyumbani akizungumza. Alianza tangu kwenye ngazi, kabla hata hajaufungua mlango wao wa kijani, na mwenye kusikia alidhani watoto watatu wanarudi. Jina hilo la Chiriku alipewa na bibi yake, kwa sababu mtoto huyo wa darasa la sita alikuwa hanyamazi hata akinywa maji. Aliweka mkoba chini, akafagia chumba cha mbele, akapasha uji, akampelekea bibi kitandani, na muda wote huo alikuwa akisimulia nani kaadhibiwa na nani kalala darasani.

Waliishi watatu. Mama alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Aliondoka alfajiri na kurudi jioni amechoka, nguo zake zikinukia sabuni mpaka uani. Bibi alibaki nyumbani. Wiki tatu zilizopita meno yake ya bandia yalimponyoka wakati wa kuyasuuza, yakaanguka kwenye sakafu ya saruji na kupasuka vipande viwili. Tangu siku hiyo alikunywa uji asubuhi, uji mchana na uji jioni. Mwanzoni alifanya mzaha kwamba amerudi utotoni. Baadaye mzaha ukamwishia, na bakuli likawa linarudi jikoni likiwa nusu.

Daktari wa meno, ambaye alifika katika zahanati ya mtaa mara moja kwa mwezi, alikuwa amekwishachukua kipimo cha kinywa chake. Kazi ya kuyatengeneza meno yenyewe ilikuwa ya fundi mmoja mwenye karakana nyuma ya zahanati hiyo. Meno yangekuwa tayari Jumatatu.

"Mimi nikitoka kiwandani nitakuta amefunga," mama alimwambia Chiriku asubuhi hiyo. "Ukitoka shule, pitia kwa Fundi Meno, umsalimie vizuri, uchukue meno ya bibi. Usiyachezee njiani."

"Mama, yule fundi mbona watu wanamcheka?"

"Wanamcheka kwa sababu hajui kukaa na watu. Meno anayajua. Wewe nenda."

Ni kweli Fundi Meno alikuwa kituko cha mtaa. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo mabegani, na mtu akizungumza naye alimtazama mdomoni badala ya machoni. Kwenye harusi ya jirani alimshika bibi harusi mkono akamwambia, "Pole sana." Siku moja mtu alimpungia mkono rafiki yake ng'ambo ya barabara, fundi akadhani anapungiwa yeye, akapunga, kisha alipogundua kosa akajifanya anafukuza nzi, na akaendelea kumfukuza nzi huyo asiyekuwepo mpaka kona. Akishaagana na mtu halafu ikawa njia yao ni moja, alijificha nyuma ya kibanda mpaka mwenzake apotee. Na kubwa kuliko yote, akifika kwenye nyumba ya watu alichanganyikiwa. Badala ya kusema "Hodi!" alisema "Karibu!" Watu walimsimulia na kucheka mpaka wakashika mbavu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama naye anacheka.

Jumatatu hiyo Chiriku alifika karakana saa tisa alasiri. Uchochoro wa nyuma ya zahanati ulikuwa mtupu, na kuta zake ndefu zilizuia jua. Mlango wa karakana ulikuwa wazi kidogo. Alitaka kupiga hodi, lakini akasikia mtu anazungumza ndani, kwa sauti ya chini na ya taratibu.

"Shikamoo, bibi. Umeshindaje? Mimi sijambo. Hapana, hapana, hujaniuliza bado."

Chiriku akachungulia. Rafu zilijaa vinywa. Vilikuwa vinywa vya plasta nyeupe, makumi kwa makumi, vyenye fizi na meno lakini bila midomo, bila pua, bila macho. Vingine vimefumba, vingine vimeachama. Vyote vilielekea mlangoni. Fundi aliketi katikati yao akiwa ameupa mlango mgongo, na mbele yake, juu ya meza, palikuwa na kinywa kimoja kilichofungwa kwenye vyuma. Chini yake palibandikwa karatasi iliyoandikwa: BIBI WA MLANGO WA KIJANI.

"Shikamoo, bibi," fundi alirudia.

Na kile kinywa kikafunguka. Kikafumba. Kikafunguka tena, taratibu, kikigonga *ka, ka, ka*.

Chiriku hakumbuki aligeukaje; anachokumbuka ni kwamba alifika kwenye barabara kubwa akiwa ameshika kiatu kimoja mkononi na mkoba umemning'inia shingoni. Alikaa kwenye ukingo wa mtaro mpaka moyo ukatulia. Ndipo akafikiria atamwambia nini mama. Akisema ameogopa vinywa vya plasta, yeye mtoto mkubwa wa darasa la sita, atachekwa mwaka mzima.

"Amefunga," alisema jioni, macho yake yakiwa kwenye sakafu.

"Basi kesho," mama akasema.

Jumanne hakwenda kabisa. "Hayupo," alisema. Jumatano mama alipomuuliza kwa mkazo, alijikuta akijibu, "Nimeambiwa amesafiri, na hawajui atarudi lini." Aliambiwa na nani? Na jirani. Jirani gani? Mmoja hivi, mwanamke, alikuwa na ndoo. Alishangaa jinsi uongo ulivyomtoka kwa urahisi, mpaka na ndoo yake. Bibi alisikia kutoka kitandani. Aligeukia ukutani, akajifunika shuka mpaka kichwani kama alivyozoea kulala, na bakuli la uji likapoa palepale.

Lakini shuleni mdomo wake haukukaa kimya. Alimsimulia rafiki yake wa dawati moja, msichana mwembamba aliyeitwa Kifimbo, na kwa kuwa Chiriku alijua kusimulia, alitia chumvi. Vile vinywa, alisema, viligeuka vyote kumtazama. Kimoja kilicheka. Kilicheka kwa sauti ya bibi yake. Kabla ya mapumziko kwisha darasa zima lilikuwa na habari, na kila aliyeipokea aliiongezea kidogo: Fundi Meno akiyaona meno yako anakitengeneza kinywa chako, na akishakitengeneza, sauti yako ni yake. Kuanzia hapo, watoto wa shule wakimwona anapita walifunika midomo kwa viganja vyote viwili na kumkodolea macho mpaka apite. Yeye alisimama, akawatazama, akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, kisha akaenda zake.

Jumatano hiyohiyo, kwenye saa kumi na mbili jioni, mama akiwa nje kwa majirani kutafuta mkaa, Chiriku alisikia vishindo vya viatu kwenye ngazi. Havikuwa vya mama. Vilipanda polepole, ngazi moja baada ya nyingine, vikakoma mbele ya mlango. Kwa chini ya mlango, penye upenyo, aliona vivuli viwili vya viatu havitikisiki.

Kisha sauti ikasema kwa upole kutoka nje, "Karibu."

Chiriku alisimama katikati ya chumba, ufagio mkononi.

"Karibu. Karibuni, jamani."

Mtu aliyeko nje ya nyumba yako akikukaribisha, anakukaribisha wapi? Hata hakukumbuka kosa la fundi ambalo mtaa mzima ulilicheka. Woga haumwachii mtu nafasi ya kukumbuka vichekesho. Aliingia chini ya kitanda cha bibi, akaziba masikio. Alipotoka vivuli vilikuwa vimeondoka.

Alhamisi, saa ileile, mama akiwa bado hajarudi kutoka kazini, vishindo vikaja tena. Mara hii bibi alikuwa macho.

"Nani huyo anatukaribisha kwetu wenyewe?" bibi akauliza, maneno yakimtoka kwa mluzi kwa kukosa meno.

"Si mtu, bibi. Ni upepo."

"Upepo wa siku hizi una adabu," bibi akasema, akajifunika shuka, akafumba macho.

Safari hiyo vishindo havikuondoka mara moja. Vilizunguka barazani, upande wa dirisha. Pazia lilikuwa jembamba, na nyuma yake kichwa kirefu kiliinama, kikatazama ndani, kikatazama kitanda na mtu aliyelala juu yake amefunikwa shuka jeupe mpaka usoni. Kikakaa hapo. Halafu Chiriku akasikia pumzi ndefu ya huzuni, na kichwa kikaondoka.

Ijumaa asubuhi bibi alijaribu kusimama aende uani, akashikwa na kizunguzungu, akaanguka kwenye kiti. Chiriku alimshika mkono akakuta umekuwa mwepesi mno. Mkono uleule uliokuwa unamsuka nywele kwa nguvu mpaka analia, sasa haukuwa na uzito hata wa kijiko. Ndipo alipojua kwamba asipofanya kitu, bibi hatapona. Alasiri ya siku hiyohiyo, baada ya masomo, alimsihi Kifimbo amsindikize karakana.

"Nitasimama mwanzo wa uchochoro," Kifimbo alisema. "Ukipiga kelele, nami nitakimbia kuita watu. Nitakimbia kwanza, kuita baadaye."

Chiriku alitembea peke yake akizigusa kuta kwa mkono. Mlango ulikuwa wazi kidogo kama siku ile. Akajikaza, akainua ngumi apige hodi, na palepale sauti ikatoka ndani.

"Poleni sana na msiba," fundi alikuwa akisema. "Poleni sana na msiba wa bibi. Nilimpenda. Hapana. Nilimpima. Ah! Poleni sana, alikuwa mtu mwenye fizi nzuri."

Ngumi ya Chiriku ikabaki hewani. Bibi alikuwa hai. Asubuhi alimwacha nyumbani akilalamikia mbu. Na huyu alikuwa amekwishaanza kumlilia! Aligeuka, akampita Kifimbo bila hata kumwona, akakimbia moja kwa moja hadi nyumbani akiamini atakuta amechelewa.

Bibi alikuwa amelala amejifunika. Chiriku akalivuta shuka kwa nguvu.

"Una nini, mtoto?" bibi akang'aka. "Unaniibia usingizi mchana?"

Chiriku akamkumbatia, akalia kwa kwikwi. Mama alimkuta hivyo. Siku hiyo alikuwa ameomba kutoka mapema. Alimtazama bibi, akamtazama binti yake, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Kesho sitakwenda kazini," alisema. "Nitampeleka bibi yako mjini. Ni safari ya siku nzima na sijui kama ataiweza. Lakini nifanyeje, kama fundi wetu amesafiri?"

Chiriku alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, maneno hayakuja. Na kabla hayajaja, vishindo vikasikika kwenye ngazi.

Polepole, ngazi moja baada ya nyingine. Vikakoma. Vivuli viwili vikasimama chini ya mlango.

"Karibu," ilisema sauti. Kisha kwa chini zaidi, kama mtu anayejigombeza, "Karibuni. La! Siyo hivyo."

Mama alishtuka. "Ni nani?"

"Mama, usifungue kwanza," Chiriku akasema, na sasa maneno yakamwagika yote pamoja. "Fundi hajasafiri. Nilikudanganya. Hakufunga, hakusafiri, hakuna mwanamke mwenye ndoo. Nilikwenda nikaona vinywa, kinywa cha bibi kinafunguka chenyewe, nikaogopa, nikaona haya kusema. Na leo nimemsikia analia msiba wa bibi, na sasa amekuja kumchukua."

Mama hakupaza sauti, na hilo lilimwogopesha Chiriku kuliko kofi.

"Siku tano," mama alisema. "Siku tano unamwona bibi yako anaisha, na meno yake yapo."

Vivuli chini ya mlango vikaanza kugeuka kuondoka. Chiriku akaviona. Bado aliogopa, lakini aliona wazi kwamba akiondoka mtu huyo wa nje, awe nani awe, meno yataondoka naye. Akauendea mlango, akavuta komeo, akaufungua wote.

Alikuwa Fundi Meno. Alivaa koti jeusi lililombana mabegani, na mikononi alishika kifurushi kidogo kilichofungwa kitambaa cheupe. Alikuwa anatetemeka kuliko Chiriku. Alimtazama msichana mdomoni, akamtazama mama mdomoni, akameza mate, akainama kwa heshima na kugonga paji la uso kwenye mwimo wa mlango.

"Asante," aliuambia mwimo. Kisha akakumbuka alichokuja nacho, akasema kwa haraka, kwa pumzi moja, "Poleni sana na msiba mkubwa wa bibi, marehemu alikuwa mtu mwenye fizi nzuri sana, Mungu ailaze pema roho yake."

"Marehemu yupi?" bibi akauliza kutoka kitandani, akiwa amejiinua kwa viwiko.

Fundi akapiga yowe. Akaruka nyuma, akapepesuka ukingoni mwa ngazi, na angekwenda chini kichwa mbele kama mama asingemdaka koti. Hata hivyo kile kifurushi alikishika juu kwa mikono miwili, meno yasije yakavunjika mara ya pili.

Walimketisha kwenye kiti, wakampa maji. Alikunywa, akapaliwa, akaomba radhi kwa kikombe. Mama alimwuliza taratibu, na kwa kuwa hakuna aliyecheka, fundi akaeleza.

"Jumatatu niliwangoja, hamkuja. Jumanne hamkuja. Katika kazi yangu, mama, meno yasipofuatwa, mara nyingi mwenyewe ameshafariki. Nina rafu nzima ya hivyo. Nikasema niyalete mwenyewe Jumatano. Nikafika, nikasema, nikasema lile neno la mlangoni. Sikujibiwa. Alhamisi nikachungulia, nikaona mtu kafunikwa shuka mpaka usoni. Basi. Leo nikashinda nafanya mazoezi ya kutoa pole, maana najijua. Nilishawahi kutoa hongera msibani."

"Na kinywa kinachofunguka?" Chiriku akauliza kwa sauti ndogo.

"Kile? Kimefungwa kwenye chuma chenye bawaba. Nakifungua na kukifumba kwa kidole nione kama meno ya juu yanakutana na ya chini." Akaitazama mikono yake. "Na nazungumza nacho. Navisalimia vyote. Nafanya mazoezi kabla sijakutana na wenyewe. Vile vinywa havinicheki."

Chiriku alitamani ardhi impasukie. Fundi akaendelea, akiwa na wasiwasi wa kweli usoni, "Halafu kuna jambo jingine, mama. Watoto wa shule hapa wanaumwa meno wengi mno. Wakiniona tu wanashika midomo. Nilitaka nimwandikie daktari barua."

Mama alimtazama binti yake. Hakuhitaji kuuliza.

"Hawaumwi," Chiriku akasema, na machozi yakamtoka. "Ni mimi. Niliwaambia unaiba sauti za watu. Nilisema kinywa cha bibi kilicheka, na hakikucheka. Nisamehe, fundi. Jumatatu nitawaambia wote, mbele ya mwalimu."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alifungua kitambaa. Alinawa mikono, akapiga magoti kando ya kitanda, na Chiriku akashangaa: mtu aliyekuwa anatetemeka mlangoni sasa mikono yake ilitulia tuli. Aliyaweka meno, akamwambia bibi aume, akayatoa, akayasugua mahali padogo kwa tupa nyembamba, akayarudisha. "Daktari atayakagua akija," alisema. "Sasa uma, bibi. Uma kwa nguvu."

*Ka, ka, ka,* yakagonga meno. Sauti ile ile ya karakana. Chiriku alisisimka kidogo, kisha akacheka na kulia kwa pamoja.

"Karanga," bibi akaamuru. "Na mkate. Na mtu asiniletee uji mbele yangu mpaka nife, hapo huyu bwana atakuja kutoa pole tena, maana ameshajifunza."

Alikula polepole, chembe baada ya chembe, na wote watatu walikaa kumtazama anavyotafuna. Alipomaliza alimwita Chiriku aketi karibu naye, akamshika mkono.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kuogopa si kosa. Mimi mwenyewe ningeviona vinywa vile ningekimbia, tena ningekushinda mbio. Kosa ni kuuficha woga. Wewe uliuficha wako nyuma ya uongo, na fundi aliuficha wake nyuma ya mlango. Katikati yenu nilikuwepo mimi, nakunywa uji. Ungesema siku ile ya kwanza, 'Bibi, nimeogopa,' mama yako angekushika mkono mkaenda pamoja, na Jumanne ningekuwa natafuna. Ukiogopa, sema. Na usimpe mtu sifa mbaya ili wewe usionekane mwoga. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

Jumatatu Chiriku alisimama mbele ya darasa na kusema kweli yote, pamoja na kile kiatu alichokishika mkononi. Walimcheka. Aliumia, akavumilia, kisha akawasimulia habari za bawaba, na mwalimu akaomba ruhusa darasa zima likaione karakana. Kifimbo ndiye aliyekuwa wa kwanza kukifungua na kukifumba kile kinywa kwa kidole chake.

Wiki mbili baadaye, jioni, vishindo vilipanda tena kwenye ngazi, polepole, moja baada ya nyingine. Vikakoma. Vivuli viwili vikasimama chini ya mlango wa kijani. Chiriku aliacha kufagia, akasikiliza. Kimya kilikuwa kirefu.

"Karibu!" ikasema sauti kutoka nje.

Bibi, mdomo umejaa karanga, akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka uani, "Hodi, mwanangu! Hodi, hodi!"

Na Chiriku akakimbia kumfungulia.